Yule asiyekuja kwenye mstari: kujitolea kwetu hapa Wamaza

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni wa chama, Wamaza, siku ya wenye kujitolea. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao mvua na barabara viliwazuia kufika.

  

Tarehe 5 Desemba ni siku ya wenye kujitolea duniani kote. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1985. Mara nyingi siku kama hii watu wanapiga makofi, wanapiga picha, kisha kila mtu anarudi kwake. Sisi tunaofanya kazi ya kuzunguka vijiji tumeombwa kusema kitu, na tumeona afadhali tuseme neno moja tu, lakini tulifikishe mpaka mwisho.

Neno lenyewe ni hili. Mtu mwenye shida kupita wengine wote si yule anayekuja kwenye mstari wa msaada. Ni yule asiyekuja. Na huyo, hakuna gari la Kasongo, wala la Kindu, wala la Goma, litakalomfikia kama jirani yake wa hapa hapa hakwenda kupiga hodi kwake. Hiyo ndiyo kazi ya mwenye kujitolea. Kugawa mchele na shitingi ni kazi nzuri, lakini inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye gari na karatasi. Kujua nani hakuja, na kwa sababu gani, hiyo inataka mtu wa hapa.

Sisi ni watu gani hapa

Tuanze kwa kujitazama. Chama chetu ni cha watu waliorudi. Lakini tumerudi kutoka wapi? Majibu ni mengi. Kuna waliokimbia vita vya 1996, na wengine vya 1998. Kuna walioingia porini wakala mizizi, wakarudi baada ya miezi. Kuna waliotembea mpaka ziwani, wakavuka Tanganyika wakafika Kigoma, wakaishi miaka kambini Nyarugusu ao Lugufu. Mashua za kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza 2005, na kambi ya Lugufu ikafungwa 2009. Kuna watoto wetu waliozaliwa kule, wakasoma kule, wakafika hapa wakiambiwa "hapa ni kwenu" na hawajui hata njia ya kwenda mtoni.

Kisha kuna wale waliokimbia karibu zaidi. Mapigano ya Salamabila, kati ya jeshi na Maimai Malaika, tangu 2018 na miaka iliyofuata, yamewasukuma watu huku na huku, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Wamekuja Wamaza, wamekwenda Kabambare, wamekwenda Kasongo, wamerudi, wamekimbia tena. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kama ni mkimbizi ao ni mtu aliyerudi, atakujibu: "Sasa unataka niseme nini? Jana nilikuwa mkimbizi, leo nimerudi, kesho Mungu anajua."

Na kuna wale wasiokimbia hata siku moja. Wazee ambao miguu ilikataa. Wamama waliokuwa na mgonjwa ndani. Hao waliona yote, na kwenye lisiti nyingi hawaonekani, sababu lisiti inaandika "waliohama" na "waliorudi", haina mstari wa waliobaki.

Tena kuna familia zilizotupokea sisi. Mnajua wenyewe. Nyumba ya watu sita ikalaza kumi na tano. Sombe ya siku mbili ikaisha asubuhi moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe lilikuwa moja, na shamba lilikuwa la kuwalisha watu sita. Familia nyingi za mapokezi zilikula mbegu zao kwa ajili ya wageni. Mvua ya Septemba ilipofika, mgeni alipewa mbegu na mradi, mwenye nyumba akabaki anatazama.

Tunayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yanayoharibu vyama. Kama chama cha waliorudi kitasaidia waliorudi peke yao, basi kwenye avenyu moja tutajenga ukuta katikati ya nyumba mbili zinazotumia kisima kimoja. Sisi tunasema: usimwulize mtu ametoka wapi kabla ya kumwuliza amekula nini.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1859, huko Italia, vita vya Solferino viliacha maelfu ya askari waliojeruhiwa. Wamama wa mji mdogo wa Castiglione waliwapa maji na kuwafunga vidonda, wa upande huu na wa upande ule, wakisema kwa lugha yao kwamba wote ni ndugu. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyekuwa anapita na kazi zake, aliliona jambo hilo akaliandika, na kutoka hapo ukazaliwa Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Watu wanalikumbuka jina la Dunant. Sisi leo tuwakumbuke pia wale wamama. Hawakuwa na fulana, hawakuwa na kadi. Walikuwa ni watu wa pale.

Nani asiyekuja, na kwa nini

Tunajua jinsi lisiti inavyofanywa. Gari linafika saa tatu. Chefu anapiga kelele, watu wanakusanyika chini ya mwembe ao kwenye uwanja wa masomo. Anayesikia anakuja. Anayeweza kusimama mpaka saa saba anaandikwa. Mwenye kadi ya uchaguzi anaandikwa haraka zaidi, sababu kwetu kadi hiyo ndiyo inafanya kazi ya kitambulisho. Jioni lisiti imejaa, gari limekwenda.

Sasa tuhesabu nani hakuandikwa. Mzee kipofu ambaye mjukuu wake alikuwa shambani. Mama aliyejifungua juzi. Mtu mwenye kilema cha miguu, anayekaa mbali na barabara, ambaye kusikia alisikia lakini nani atambeba? Mtoto wa miaka kumi na minne anayelea wadogo zake watatu, ambaye akifika mbele anaambiwa "kaite mkubwa wako". Mtu aliyepoteza kadi kwa kukimbia. Mwanamke aliyetendewa ubaya na watu wenye silaha, ambaye tangu siku hiyo haingii penye wanaume wengi. Na kuna mmoja ambaye tunamsahau siku zote: mtu mwenye haya. Baba aliyekuwa na ng'ombe ao duka, mwalimu aliyeheshimiwa, leo hana kitu ndani, lakini kusimama kwenye mstari mbele ya wale aliowasaidia zamani, hapana, hawezi. Atakuambia "sisi tuko salama" na sufuria imekauka siku ya pili.

Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kutafutwa na mgeni. Mgeni hana macho ya hapa. Lakini jirani anaona. Anaona kwamba jikoni hakuna moshi tangu jana. Anaona kwamba bidoni ya maji iko pale pale ilipokuwa juzi. Anaona kwamba mzee hakutoka nje kuota jua. Anasikia mtoto akikohoa usiku wa tatu. Hiyo ni elimu, ndugu zangu, na haifundishwi chuo kikuu. Sisi wengine tulisoma huko, tunawaambia ukweli.

Kazi ya mlangoni ni nini

Wengine wanatuuliza: tukifika mlangoni bila kitu mkononi, tutafanya nini? Tunajibu: mambo mengi, na mengi hayahitaji feza.

La kwanza, kazi ya mikono. Kuteka maji, kukata kuni, kutwanga, kuziba paa la manyasi kabla ya mvua kubwa. Mzee aliyetekewa bidoni mbili za maji amepata siku moja ya kuishi bila kuomba. Hii tuliizoea zamani. Wengine wataiita salongo, wengine wataiita sadaka, wengine watasema ni kazi ya shirika la parokia. Jina lolote ni zuri.

La pili, mkono wa mtoto. Tuko na ile tepu ya kupimia mkono, yenye rangi tatu. Inapimwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kijani ni vizuri. Manjano, kati ya milimita 115 na 125, ni hatari inakuja: mtoto afuatwe. Nyekundu, chini ya milimita 115, ni kwenda kwenye kituo cha afya leo, si kesho. Tena kuna kipimo kisichohitaji tepu hata kidogo: bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, hesabu mpaka tatu, ondoa. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, huyo mtoto amevimba kwa njaa hata kama mashavu yake yanaonekana manene. Mama akisema "mtoto wangu amenona", na miguu inasema hivyo, tusikilize miguu. Na tusiishie kupima sisi. Tumfundishe mama mwenyewe kupima. Tepu ikibaki ndani ya nyumba inafanya kazi kila wiki.

La tatu ni gumu kulisema mbele ya watu, lakini tutalisema. Mwanamke, msichana, hata mvulana, akitendewa ubaya wa nguvu, kuna saa za kuhesabu. Ndani ya masaa 72 kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Ndani ya siku tano kuna dawa ya kuzuia mimba. Masaa hayo yakipita, dawa hizo hazisaidii tena, ingawa matunzo mengine bado yako, na mtu asikatazwe kwenda hata baada ya mwezi. Kazi ya mwenye kujitolea si kuuliza "ilikuwaje, alikuwa nani". Kazi yake ni kusema: "Twende kwa muganga, niko na wewe", na kutembea naye, na kufunga mdomo. Kufunga mdomo kabisa. Kwa chefu, kwa mume, kwa padri, kwa imamu, kwa sisi pia. Mwenye habari ndiye anayechagua nani ataisikia.

La nne ni karatasi. Mtoto anayezaliwa anaandikishwa kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, mambo yanakwenda mpaka tribinali, na hapo safari na gharama zinaanza. Watoto wengi wa waliorudi hawana karatasi, waliozaliwa kambini na waliozaliwa njiani. Kumkumbusha mama siku ya arobaini kwamba bado ana siku hamsini, hiyo haigharimu franka hata moja, na miaka kumi na mbili baadaye mtoto atafanya mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi bila kufukuzwa.

Na la tano ni kukaa. Kukaa tu, nusu saa, kuzungumza. Mama mmoja mzee alituambia mwaka jana: "Wale wa musaada walikuja mara mbili, waliandika jina. Ninyi mulikaa." Hatukuwa tumempa kitu siku hiyo zaidi ya maji na maneno. Hatusemi maneno yanashibisha. Tunasema mtu aliyeachwa peke yake anaanza kufa kabla ya njaa kumfikia.

Kasongo ilitufundisha kufuatilia

Wengi mnajua kwamba Kasongo yetu ina jina katika vitabu vya tiba. Kwenye miaka ya 1970, waganga wa pale pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp walifanya kazi iliyokuja kujulikana kama mradi wa Kasongo. Walijaribu kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja nyuma yao. Kasongo ilikuwa kati ya mahali pachache ambapo mawazo ya zone ya afya yalijaribiwa, na leo Kongo nzima imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500.

Waganga hao waliwachanja watoto surua, kisha wakawafuatilia. Habari yao ilitoka katika gazeti la tiba la Lancet mwaka 1981. Swali lao lilikuwa zito: mtoto aliyeokolewa na surua, je, anaendelea kuishi, ao anachukuliwa baadaye na kitu kingine, njaa ao malaria? Wao walikuwa na wasiwasi kwamba wengine walichukuliwa. Watafiti waliofuata walipitia mambo hayo tena na kuona kwamba chanjo ya surua inaokoa maisha mengi kuliko walivyodhani, kwa hiyo mzazi asisikie hapa sababu ya kumficha mtoto siku ya chanjo. Lakini swali lenyewe ni letu. Ukimsaidia mtu mara moja ukamwacha, umejuaje kwamba umemsaidia? Mtoto anayetoka kwenye rangi nyekundu baada ya kula ile dawa ya karanga anarudi kwenye nyumba ile ile, yenye sufuria ile ile. Nani atamtazama wiki ya nane, wiki ya kumi na mbili? Mradi umekwisha funga. Jirani yuko.

Tuseme wazi habari ya primu

Sasa tufike kwenye neno linalotugawanya. Primu. Mradi ukija na primu, wenye kujitolea wanajaa mpaka tunakosa viti. Mradi ukifunga, tepu zinatundikwa ukutani na daftari zinafungiwa karanga. Na miradi mingi, mnajua, ni ya miezi mitatu, ya sita, ya kumi na mbili. Kati ya mradi mmoja na mwingine kuna kimya. Na ndani ya kile kimya yule kipofu bado anataka maji.

Wengine wanasema watu wa hapa wamependa feza kupita kiasi. Sisi hatukubali. Mama anayeacha shamba lake siku nzima ameacha chakula cha watoto wake. Mtu mwenye njaa hawezi kubeba njaa ya mwenzake kwa muda mrefu. Lakini pia hatukubali kwamba bila primu hakuna kitu kinachowezekana, maana wakati wa kukimbia hakuna aliyelipwa kwa kutubeba mgongoni.

Tunaona vitu vitatu vimechanganywa, na inafaa vitenganishwe.

Kuna kazi. Mtu anayefanya siku tano kwa wiki, anayeandika ripoti, anayetumwa mbali, huyo anafanya kazi, alipwe mshahara. Kumwita mwenye kujitolea ili asilipwe ni kumwonea.

Kuna gharama. Sabuni, daftari, kalamu, bote za mvua, mpira wa kinga, inite za kupigia simu kituo cha afya. Mwenye kujitolea asitoe hizo mfukoni mwake. Hizo si malipo, ni vyombo, kama jembe lilivyo chombo cha shamba.

Na kuna moyo. Kutoa ni moyo, si utajiri. Huu haununuliwi, na ukijaribu kuununua unaharibika, sababu siku bei inaposhuka na moyo unashuka.

Kwa hiyo tunaleta wazo hili mbele ya chama. Kila mwenye kujitolea awe na nyumba tano, si zaidi, na zote ziwe mahali anapofika kwa miguu bila kupoteza siku. Atembelee mara moja kwa wiki, nusu siku tu. Tukipata watu 20, tumefika nyumba 100. Tukipata 12, ni nyumba 60, na hiyo pia si kidogo. Waende wawili wawili, mmoja awe mwanamke. Na kwa ile nusu siku aliyoitoa, tufanye likelemba ya jembe: wenzake wanakwenda kwenye shamba lake kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Hivyo muhogo wake haumezwi na majani kwa sababu alikuwa kwa mgonjwa. Mnaijua likelemba ya feza. Hii ni ile ile, ila tunaweka mikono badala ya makuta. Haingoji mradi. Haifungwi mradi unapofungwa.

Sheria tano za mlangoni

Msaada wa mlangoni una hatari zake, sababu hakuna anayeona. Kwa hiyo tuwekeane sheria, zibandikwe ukutani.

Moja: msaada hauuzwi na haubadilishwi. Si kwa kuku, si kwa kazi ya shamba, na kabisa si kwa mwili wa mtu. Anayefanya hivyo anatoka kwenye chama siku hiyo hiyo, na mambo yake yanapelekwa mbele ya sheria.

Mbili: yaliyosemwa ndani yanabaki ndani.

Tatu: hakuna picha ya mtu katika shida yake. Ndugu wafadhili watuvumilie hapa. Mzee huyu alikuwa na jina kabla ya kuwa maskini.

Nne: lisiti inasomwa kwa sauti mbele ya watu, na kila mtu anaweza kusema "fulani mmemsahau" bila kuonekana adui. Yale mambo ya siri, ya afya na ya ubaya, hayaingii kwenye lisiti hiyo hata kidogo.

Tano: mwenye kujitolea asijiandike mwenyewe wala nyumba yake. Kama yeye pia ana shida, na mara nyingi anayo, mwenzake wa avenyu nyingine ndiye atakayemtembelea na kumwandika.

Tunachowaomba wafadhili

Ndugu wafadhili, mmetusaidia, na aksanti yetu si ya mdomoni. Sasa mturuhusu kuomba mambo manne.

Mlipe vyombo bila kununua mioyo. Bote, makoti ya mvua, tepu, daftari, sabuni. Ni vitu vidogo, na ndivyo vinavyokosekana kwanza.

Mtazame kalenda ya mvua kabla ya kalenda ya ofisi. Kwetu mbegu za karanga na mahindi zinatakiwa zifike kabla ya mvua za Septemba kushika. Mbegu inayofika Novemba inaliwa, na hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kuila.

Mhesabu nyumba iliyopokea pamoja na nyumba iliyopokelewa. Ukimpa mgeni mbegu, mpe na mwenyeji wake. Hiyo inazuia maneno mengi kuliko mkutano wowote wa amani.

Na mtuambie siku ya mwisho tangu siku ya kwanza. Mradi wa miezi sita useme ni wa miezi sita, mbele ya wote, ili mwenye kujitolea asimwahidi mtu kitu ambacho hakipo.

Na serikali?

Mtu mmoja aliuliza katika mkutano wa mwisho: tukifanya haya yote, serikali si itasema basi, wamejisaidia wenyewe? Ni swali la haki. Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009, ambayo nchi za Afrika ziliyaweka kwa ajili ya watu waliohama ndani ya nchi zao, yanasema kwamba wajibu wa kwanza wa kuwalinda na kuwasaidia ni wa serikali. Si wa mzungu, si wa chama, si wa jirani. Kuteka maji kwa mzee hakumwondolei mwenye mamlaka deni lake. Barabara, usalama, dawa za kituo cha afya, mishahara ya walimu: hayo hatuwezi kuyabeba na hatutajifanya kuyabeba.

Lakini tunaweza kuyahesabu. Kila mwezi, yale yaliyoonekana kwenye nyumba yaandikwe bila majina: nyumba ngapi hazina paa, watoto wangapi wako kwenye nyekundu, watoto wangapi hawana karatasi ya kuzaliwa. Karatasi hiyo iende kwa chefu, kwa zone ya afya, kwa administrateri wa teritware. Mwezi wa kwanza wataiweka mezani. Mwezi wa sita watakuwa na karatasi sita zinazosema jambo moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na karatasi moja haifungui mlango wa ofisi.

Mambo ya kufanya sasa

Tunamaliza, sababu wingu tunaliona na wengine wako na safari.

Majina ya wanaotaka kujitolea yanaandikwa leo hapa mezani, na wiki nzima hii kwa mwandishi wa chama. Si lazima kujua kusoma. Katika kila wawili, mmoja akijua kuandika inatosha. Mafunzo ya tepu ya mkono yatafanywa pamoja na waganga wa kituo cha afya. Wazee wa avenyu wanaombwa kukaa pamoja na wamama na kutaja, avenyu kwa avenyu, wale ambao hawakuja kwenye ugawaji uliopita. Wasitaje waliokuja. Wataje wasiokuja. Hiyo ndiyo lisiti yetu ya kwanza.

Na ninyi mtakaofika nyumbani jioni hii, kabla hata ya kuandikwa, fikirini mtu mmoja ambaye hamjamwona tangu Jumapili ao tangu Ijumaa ya sala. Kesho mpite kwake.